Mji Unaoganda kwa Watu Elfu Thelathini

6 Februari

...tena sijamaliza, kaka! Kadi niliyokutumia juzi ilikuwa ndogo, ikaniishia pale nilipoanza kukwambia habari za madirisha. Yako mawili. Moja linatazama uani na jingine linatazama njia, na kila saa kumi na moja jioni nasimama kwenye hilo la njia nikimwona mume wangu anakuja na mkoba wake wa spana. Moyo unanidunda kana kwamba hatukuagana asubuhi.

Shikamoo. Ona nilivyo, nimeingia bila hodi. Wifi hajambo? Goti la mama linaendeleaje? Mwambie yale matandiko aliyotupa nimeyafua mara mbili tu, mara ya tatu mume wangu kanizuia, anasema nitayamaliza. Mimi bado niko kwa dobi, kwenye meza ya madoa, na wenzangu wanadai siku hizi nikipiga pasi naimba mpaka mashati yanaona haya.

Sasa neno lenyewe. Mume wangu ana kompyuta ya zamani, aliinunua mkononi kwa ofisi moja iliyokuwa inahama, na ndani yake kuna gemu ya kujenga mji. Unaanza na barabara moja na vibanda vitatu, watu wanahamia, wanataka maji, shule, hospitali, mpaka unapata jiji. Kila jioni tunakaa kwenye kiti kimoja, maana cha pili hatujanunua, wala hatuna haraka ya kukinunua! Yeye analaza mabomba, mimi napanga nyumba na bustani. Juzi niliweka mtambo wa maji machafu karibu na mto, akashika kichwa: "Mke wangu, huwezi kumwaga huku juu halafu watu wachote kule chini! Mimi ni fundi bomba, nitaweka wapi uso wangu?" Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini mji wetu ukifika watu elfu thelathini unaganda. Magari yanasimama, hata moshi unasimama hewani, nasi tunabaki tunatazamana. Muuzaji wa kompyuta hapa barabara ya chini anasema prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imechoka na tununue mashine mpya nzima. Mume wangu kasema basi, tutabaki na mji mdogo, hauna neno. Kaka, nilimwangalia usoni. Hakuna kitu kingine anachojifanyia yeye mwenyewe. Sitaki aishi kwenye mji mdogo.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyefungua kompyuta kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu: ni prosesa gani tuinunue, ya mfuko wetu, itakayoubeba mji wetu? Na uje uifunge kwa mkono wako. Hapo utamwona na yeye. Hukuja harusini, kaka. Mama na wifi walikuja wakasema una kazi nyingi. Sawa. Lakini wewe ndiye uliyenilea baba alipoondoka, na kiti chako nilikiacha wazi mpaka mwisho. Mume wangu haniulizi, ila najua anajiuliza kama umemkataa. Ujumbe wa simu hujibu, ukipigiwa unasema maneno matatu unakata. Ndiyo maana nimerudia desturi yetu ya siku za bweni: karatasi.

Mdogo wako mwenye furaha isiyoingia kwenye bahasha,
Chiriku


27 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mama hajambo, goti linamsumbua kukiwa na baridi tu. Wifi yako anakusalimu, amesema hiyo barua yako ilimfanya atafute kitambaa cha kujifutia macho, sijui kwa kucheka au kwa kulia.

Usinunue kitu bado. Fanya haya.

Kwanza, mji ukiganda, fungua ile sehemu inayoonyesha kompyuta inavyofanya kazi. Tazama ni kipi kimefika mia kwa mia, prosesa au memori. Ikiwa ni memori, umepona kwa bei ndogo. Gemu za miji huila prosesa, lakini tusihukumu bila ushahidi.

Pili, zima, chomoa waya, fungua ubavu wa kasha. Kwenye bodi, yaani lile bamba kubwa ambalo vitu vyote vimechomekwa, kuna maandishi meupe. Ninakilie yote. Tatu, nakili yaliyoandikwa ubavuni mwa kisanduku cha umeme.

Andika kwa herufi kubwa. Kubwa kama za kibao cha duka, kwa kalamu nzito. Mtu akichanganya nane na B, sifuri na O, ananunua prosesa isiyoingia.

Feni usiiguse.

Kuja, tutaona. Mambo ya harusi tutaongea. Msalimie shemeji.

Kaka


11 Machi

Kaka yangu mpendwa, shikamoo,

Umesahau kuandika hata mstari mmoja wa kunitania, nikajua umechoka. Pole na kazi. Barua nzima umeniandikia kama mtu anayeandika bango la mkutano, maneno matatu yanajaza mstari! Nilimwambia mume wangu, kaka kanionyesha kwa vitendo jinsi ya kuandika herufi kubwa.

Sisi wazima. Wiki iliyopita aliniletea ua la plastiki alilolikuta kwenye duka la mabomba, lilikuwa limefungwa kwenye bomba la maonyesho, akaliomba. Ninalo dirishani. Nimelifua.

Majibu yako nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, herufi zina urefu wa kidole. Prosesa ndiyo iliyofika mia kwa mia. Memori iko nusu. Kwa hiyo muuzaji hakukosea sana, ila ulimi wake mrefu.

Sasa jambo jingine, dogo. Tangu Jumamosi kompyuta inazima. Unaiwasha, dakika nne, giza. Inajizimia yenyewe tu. Mume wangu alijaribu mara tano, ya sita akafunika na kitambaa kama mtu anayefunika maiti, akasema, "Imefanya kazi yake." Kisha akaenda kukaza koki ambayo haivuji.

Anasema tuchukue akiba yetu ya kitanda twende kwa yule muuzaji. Mimi kitanda si kitu, tunalalia godoro chini na tunalala kama wafalme. Lakini nasikia vibaya, kaka. Nasikia vibaya sana, na siwezi kueleza. Njoo. Panda basi, njoo uitazame mara moja. Nitakupikia unachokipenda, na hutahitaji kusema lolote kuhusu harusi kama hutaki.

Chiriku wako


18 Aprili

Chiriku,

Salamu nyingi. Samahani kwa kukawia.

Usiguse akiba ya kitanda.

Prosesa hazifi hivyo. Mashine inayozima kwa dakika nne inajiokoa na joto. Jana ilikuwa na akili, leo inaungua. Kuna mtu kafanya jambo hapo katikati.

Nimekulea. Ukiandika "yenyewe tu" najua kuna kikombe kimevunjika mahali.

Umefungua nini?

Kaka


24 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama, wifi, wote nawasalimu kwa haya.

Niliitoa feni.

Ulisema nisiiguse, najua! Lakini nilipofungua ubavu nikakuta vumbi limelala mle kama blanketi. Mimi ni dobi, kaka. Nikafungua skrubu nne nitoe vumbi la chini yake, na chini ya feni, juu ya kile kibati cha prosesa, nikakuta uchafu wa kijivu umeganda kama dawa ya meno iliyokauka. Kompyuta ya mume wangu ina doa! Nikachukua spiriti ile ninayotolea madoa ya kola, nikasugua kwa pamba mpaka nikajiona sura yangu. Upande wa feni pia. Nikarudisha kila kitu, nikafunga skrubu, nikajiona mke bora duniani. Jioni yake ikaanza kuzima.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa nimeiua, na ningekuwa nimekuomba dawa ya kitu nilichokiua mwenyewe. Mume wangu nilimwambia juzi, baada ya barua yako. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa pumzi moja. Akasema, "Ulisugua mpaka ukajiona sura?" Nikasema ndiyo. "Na sura ilikuwa nzuri?" Nikasema ndiyo. "Basi hasara iko wapi?" Kaka! Nililia begani mwake nikalowesha shati nililolipiga pasi mwenyewe.

Lakini alipokwisha kucheka alisema neno jingine, nalo ndilo linalonifanya niandike leo. Alisema: "Kaka yako angekuwa ananipenda angekuwa ameshakuja. Tumemwalika mara tatu. Mwache, usimlazimishe mtu."

Nimetoa siri yangu, sasa nataka yako. Barua yako ya mwisho ilikuja baada ya wiki tano. Mistari imepanda juu kama ngazi, wa tatu umepita juu ya wa pili. Neno "joto" umeliandika nje ya karatasi nusu. Mwanzoni nilisema ana hasira, anaandika bila kutazama. Je, ni hasira? Umemkataa mume wangu? Niambie tu nijue. Nitaendelea kukupenda, ila nitaacha kuweka sahani yako mezani kila Jumapili.

Mdogo wako


13 Mei

Chiriku wangu, mwosha prosesa,

Tazama kwanza mwandiko huu. Usisome, tazama tu. Mistari imenyooka? Herufi ni ndogo kama zile nilizokuandikia ukiwa kidato cha kwanza? Nimeandika mwenyewe, mezani, mchana, bila mtu kunishikia karatasi. Umeona? Na mimi naona. Sasa kaa kwenye hicho kiti chenu kimoja nikusimulie.

Ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Mwaka jana nilianza kuona kama dirisha lenye mvuke, nikalaumu taa. Nikabadilisha taa tatu. Halafu mteja mmoja akaniletea prosesa ya aina yenye miguu chini, ile miguu kama mamia ya sindano. Nikaibonyeza pasipo pake, nikalaza safu nzima. Miaka ishirini ya kazi sijawahi. Nilimfidia, nikafunga karakana, nikaandika mlangoni "Nimesafiri". Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango huohuo.

Siku moja kabla ya harusi yako mama na wifi yako walitangulia, mimi nilisema nitafuata kesho yake. Nikavaa suti ya kijivu. Nikafika kituo cha mabasi alfajiri, nikasimama mbele ya mabasi na sikuweza kusoma hata moja linakwenda wapi. Ningeuliza. Mtu mwenye kinywa huuliza. Lakini nilijiona nimefika kwenu, nimeshikwa mkono kuingizwa ukumbini, na wewe unaacha kumtazama mumeo unanitazama mimi kwa huruma. Siku yako hiyo! Nikageuka nyumbani, nikaitundika suti. Bado imetundikwa. Mama na wifi yako niliwafunga midomo, na wifi yako amenisema kila siku tangu hapo, tena kwa haki.

Barua zako alinisomea yeye. Zile sehemu za mabusu anaziruka, anasema "hapa kuna mambo ya madirisha", anaendelea. Kuandika nilikataa anisaidie, maana ungejua mwandiko wake. Wiki tano zile nilikuwa nangoja zamu hospitali. Jicho la kulia limetengenezwa tarehe ishirini na tisa Aprili. Barua yako ilikuta nimefungwa bandeji. Wifi yako alipofika kwenye sahani ya Jumapili alikatiza kusoma, na mimi nikamwambia asiendelee.

Walipofungua bandeji nilimwona mama. Chiriku, mama ana mvi! Nikamwambia, "Mama, lini umeota mvi?" Akanijibu, "Nilizipata nikikungoja uende hospitali."

Kwa hiyo mwambie shemeji: sijamkataa. Sijamwona, ndiyo habari yote. Mwanamume anayeuliza kama sura kwenye prosesa ilikuwa nzuri namchukua bila kumpima.

Sasa doa lako. Ile si takataka. Ni grisi ya joto. Prosesa inaungua, feni inapoza, na kati yao ni lazima iwepo grisi ya kubeba joto kutoka huku kwenda huku. Uliitoa, joto likakosa daraja, mashine ikajizima kabla haijaungua. Haijafa. Na nikuambie kitu: mafundi wengi hawasafishi vizuri hivyo, tena kwa spiriti hasa. Ulifanya kazi ya kifundi kamili, ila ulisahau nusu ya pili.

Katika kifurushi hiki kuna bomba la sindano la grisi, flashi moja yenye programu ya bodi yenu, na prosesa iliyofungwa kwenye sifongo.

Kuhusu prosesa, nilikuwa na njia tatu. Mpya kabisa ingetaka bodi mpya na memori mpya, hiyo ndiyo njia ya muuzaji wenu. Iliyo kubwa kuliko zote inayokubalika kwenye bodi yenu ina viini vinane, yaani vichwa vinane vya kufanya kazi kwa pamoja, lakini inakula umeme kuliko uwezo wa kisanduku chenu, na ingetaka feni nyingine. Ukinunua kubwa usiyoweza kuipoza, umenunua jiko. Hii ya katikati ina viini sita, ya kwenu ina vinne, na kila kimoja kina kasi zaidi. Imetumika, ndiyo maana bei yake haitagusa kitanda. Niliihesabia miguu yote kwa jicho hili moja. Hakuna hata mmoja uliolala. Nikaiweka kwenye mashine yangu siku mbili mfululizo. Karakana iko wazi tena. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza, na ni zawadi ya harusi iliyochelewa.

Msigeuze utaratibu. Rudisha grisi kwenye prosesa ya zamani, kiasi cha punje moja ya mchele katikati, usipake kama siagi. Mashine ikiwaka bila kuzima, tumieni flashi kuisasisha bodi, maana bila hivyo haitamtambua mgeni. Hapo ndipo mbadilishe. Prosesa ina pembetatu ndogo pembeni, na mahali pake pana pembetatu. Zikutane. Iweke, usiibonyeze. Ikiwa ni pake, inaingia kwa uzito wake yenyewe. Shemeji aifunge, wewe shika tochi. Na pamba yako iache kazini.

Kuja siwezi bado. Daktari amekataza safari na vumbi mpaka jicho la pili litengenezwe mwezi ujao. Nisamehe na hilo.

Kaka yako anayeona


20 Mei

Kaka, kaka, kaka,

Shikamoo mara tatu, moja ya jicho. Leo mstari wangu nao umepanda ngazi, mimi sina mtoto wa jicho, nina machozi tu. Mume wangu ndiye aliyeisoma barua yako kwa sauti, kwa sababu mimi nilikwama kwenye mabasi. Alipofika penye "sijamwona, ndiyo habari yote" aliiweka mezani, akatoka uani, akafungua bomba na kulifunga, akarudi. Akasema, "Miezi mitatu nimemdhania mtu vibaya." Kisha akasema, "Halafu ananiita shemeji tangu barua ya kwanza, na mimi sikusikia." Nimepumua, kaka! Nimepumua mpaka gauni limenilegea.

Ningekupigia simu, lakini sasa unaweza kusoma mwenyewe, nami sitaki kukunyima. Wifi hataruka kitu tena. Hapa napiga busu la kwanza la makusudi: liko juu ya neno hili, alisome.

Nakwambia ilivyokuwa. Grisi punje moja. Mume wangu alitaka kuongeza, amezoea kukaza bomba kwa mkono mzito, nikampiga kidole. Tukawasha. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dakika ya nne alinishika mkono. Ya tano! Ya kumi! Ilikuwa haijafa, kaka, ile uliyosema haijafa kweli haikufa! Nilipiga kigelegele, jirani akagonga ukuta, mume wangu naye akamgongea.

Bodi tukaisasisha. Kisha prosesa yako. Nilishika tochi kama ulivyoagiza. Pembetatu kwa pembetatu. Mume wangu aliitua kama mtu anayelaza mtoto mchanga, na ikazama mahali pake bila kuguswa. Akanitazama akanong'ona, "Ikiwa ni pake, inaingia yenyewe." Nami nikakumbuka siku aliyokuja kutengeneza bomba la kwa dobi, akakaa akanywa chai kana kwamba alikuwapo siku zote.

Mji umefika watu elfu hamsini na mbili. Haugandi. Magari yanakwenda, moshi unakwenda. Na tumejenga karakana, kaka, mtaa wa pili kutoka kwenye nyumba yetu, ina madirisha makubwa pande zote. Mume wangu kaipelekea bomba lake peke yake.

Sasa sikiliza. Daktari kakukataza wewe safari. Sisi hakutukataza. Tumekungoja tangu harusi, tena kwa kosa letu, kumbe mtu aliyepaswa kupanda basi ni mimi. Nimeshaomba ruhusa kazini, mume wangu amemwachia mwenzake funguo za mabomba. Gauni la harusi nimelitoa sandukuni, nimeondoa doa moja la soda ukingoni na kulipiga pasi. Nitalivaa palepale mlangoni kwako, kabla hujasema karibu, na wewe itoe ile suti ya kijivu. Usiipige pasi, niachie mimi. Mume wangu atakuwa kulia kwangu, ndiye mwenye masikio makubwa, utamjua.

Mwambie mama aweke sahani mbili zaidi. Kabla mwezi huu haujaisha tuko mlangoni kwako, na utatutazama mpaka uchoke.